Rhonda Analala Pangoni

Zimwi la mwisho lilipoanguka kwenye ubao wa mchezo, tayari nilikuwa na mengine sita ya plastiki mkononi. Pambano la tano, bila kupumzika.

"We jamaa una roho mbaya!" wakalalamika mezani.

Kweli. Mimi ndiye mwendesha mchezo huu wa kuigiza mashujaa kwa dadu, na kwa miaka tisa katika chumba hiki cha chini sijamwonea mtu huruma. Dadu ikisema umekufa, umekufa.

Rhonda, anayeigiza tabibu wa kikosi, alifuta tena namba ya uhai wa shujaa wake kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa imetoboka pale kwa kufutwafutwa. Alikuja moja kwa moja kutoka hospitali, zamu mbili mfululizo, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyake vya unesi.

"Rhonda, unafanya nini?" nikauliza, kama kawaida ya mchezo.

"Nalala."

"Pangoni humu, na mazimwi yote haya? Tutibu kwanza, dada!" wakadakia wenzake.

"Nimetibu watu tangu jana. Nalala." Akalaza shavu kwenye karatasi, akafumba macho.

Kwa kanuni za mchezo, shujaa anayelala pangoni hurushiwa dadu ya pande ishirini; ikija moja, anauawa usingizini. Nikairusha nyuma ya kizuizi changu cha kadibodi, ninapoona mimi peke yangu.

Moja.

Wote walinikodolea macho. Rhonda alishaanza kukoroma.

Nikaifunika dadu kwa kiganja.

"Kumi na nane," nikasema. "Na punguzeni sauti."