Korongo na Moshi wa Tanuri

Jioni ile Bi Korongo alimwandalia mumewe vyura wawili, huku akikohoa. Moshi wa tanuri la Ngiri, mchoma matofali, ulikuwa umejaa kiotani.

“Baba Watoto, moshi huu unaupima au unaufuga?”

“Subiri, mke wangu. Zimebaki siku tisa utafiti ukamilike,” alijibu Korongo, msomi pekee wa bondeni, akiukagua weusi wa unyoya mweupe aliouchomeka nje tangu asubuhi. Alikuwa akipima hivyo kwa mwaka wa tatu sasa.

Siku ya nane mkewe alifariki. Korongo aliandika weusi wa unyoya wa siku hiyo bila kukosea.

Ngiri alifika matangani, akainamisha kichwa. “Pole sana, mtaalamu. Ila usiache kupima. Kila jirani anayekuja kunilalamikia, mimi humwambia asubiri majibu yako, naye hurudi kwake.”

Korongo alimshukuru kwa adabu, kisha akaelewa alichokishukuru.

Kesho yake asubuhi alijaza tope mdomoni, akaanza kuziba matundu ya tanuri. Majirani wakaja mbio kuuliza majibu.

“Leteni tope,” alisema.