Onyo la Upepo Bondeni

Redio ya Bertila, aliyoinunua msimu ule wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kufika Newala, ilirudia onyo kwa mara ya tatu. Upepo mkali na mvua kubwa vingepiga mikoa ya kusini kabla ya jioni. Watu wasitoke majumbani.

Bertila alijifunga kanga kiunoni. Mama yake alikuwa bondeni tangu usiku wa jana, kwenye foleni ya maji, pamoja na wanawake wengine.

"Usiende," alisema rafiki yake, mwalimu aliyehamia kutoka Masasi. "Kwetu tungejibanza nyuma ya majabali. Huku kwenu juu ni uwanda mtupu, utajishika na nini?"

"Kwenu mlima mnautazama, mwalimu. Sisi tunaukalia. Mvua ikinyesha, maji yote ya huku juu yanashukia njia ile ile wanayopandia mama na wenzake."

Akavua kandambili. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vipana, vimetanuka kwa miaka ya kupanda mteremko ule na ndoo kichwani, na sasa viliushika udongo mwekundu kama makucha.

Mwalimu alimtazama, kisha naye akavua viatu.

Walipofika kona ya kwanza ya mteremko, matone yalikuwa yameanza. Chini waliwaona wanawake wakipanda polepole, mmoja nyuma ya mwenzake.

"Mama! Mwageni maji mkimbie!"

"Tumwage?" mama yake aliuliza. "Tumekesha kwa haya!"

"Mwageni!"

Mama alisimama. Kisha akainua mikono, akaishika ndoo kichwani, akaiinamisha maji yakamwagika.