Robo ya Nne

Mchapaji aliigundua kwenye kalenda mpya, wino ukiwa bado mbichi: Februari ishirini na tisa, katika mwaka usio mrefu. Mkono wake uliopanga tarehe kwa miaka thelathini ulikuwa umekataa kuishia ishirini na nane.

"Chana kalenda zote," bosi akasema. Mchapaji akazichana zote isipokuwa moja, aliyoikunja na kuitia kwapani.

Nyumbani aliitundika ukutani, juu ya sanduku la safari la binti yake, aliyekuwa anahamia ng'ambo tarehe mosi Machi. Binti akahesabu siku zilizobaki, kidole kikielea taratibu kutoka kisanduku cha tarehe hadi kingine. Kikasimama kwenye ishirini na tisa.

"Baba, si ulinifundisha mwenyewe? Kila mwaka jua hutubakizia robo siku, zikitimia nne ndipo tunaongeza siku nzima. Safari hii ziko tatu tu."

"Najua, mama. Moja nimeikopa."

Binti hakucheka. Ndani ya kisanduku kile mlikuwa na mchoro wa mwezi mdogo mweupe, ambao angani usingekuwapo, maana siku yake haipo. Akaugusa, wino wa ukingo wake, uliokuwa bado haujakauka, ukamganda kidoleni. Kisha akachukua kalamu na kuandika chini yake, polepole, kwa herufi ndogo: *Nipo nyumbani.*