Kimo cha Bomba la Shawa

"Pandisha zaidi, fundi," bibi alisema akiwa mlangoni mwa bafu.

"Bibi, hapa ni juu ya kichwa changu. Na wewe unaishi peke yako."

"We weka tu."

Fundi akashika nyundo na tindo. Vigae vya zamani, vilivyobandikwa na marehemu mume wa bibi miaka thelathini iliyopita, vilikuwa vimeng'ang'ania kama kupe.

Alipong'oa safu ya mwisho, aliona mistari iliyokwaruzwa kwa msumari kwenye plasta, kama wazazi wanavyopima kimo cha mtoto ukutani. Kila mstari ulikuwa na mwaka wake. Wa chini kabisa ulimfika gotini.

Aliifuata kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, hadi mkono ukapita kichwa chake. Mstari wa juu ulikuwa wa mwaka huu. Vumbi jeupe lilikuwa bado linamwagika kutoka kwenye mkwaruzo.

"Bibi," alisema, "humu ndani mlikuwa na mtoto?"

Bibi alivaa miwani, akasogea, akautazama ule mstari kwa muda.

"Kumbe amerefuka tena," alisema. "Basi pandisha kidogo, fundi."