Mke wa Gatimu

Watiri alipotaja jina la mumewe, foleni nzima ya chakula cha msaada ilinyamaza.

"Gatimu yupi?" aliuliza mama mmoja aliyekalia gunia tupu.

"Gatimu wa mbao. Mimi ni bibi yake."

Yule mama alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguuni, kisha akasogea kando. Wenzake nao wakasogea. Watiri akabaki peke yake katikati ya uwanja wa chifu, pale Kiganjo, jua likimchoma utosini.

Hakushangaa. Alijua jinsi watu wa msaada walivyowaona wenye kazi. Hata yeye aliwaona wao vivyo hivyo.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, na mvua ilikuwa imekataa kabisa. Watiri alichuma majani chai huko Kangari, lakini mshahara ulikuwa haumsaidii kitu, maana madukani hakukuwa na unga wa kununua. Alipokwenda kwa chifu wa huko kuwaombea watoto wake mahindi ya njano, alirudishwa mlangoni. "Nyumba iliyo na mtu wa kazi haipewi." Akashika njia ya shambani, kikapu mgongoni, akawapita wanaume wenye nguvu zao wakiota jua na kungoja lori la serikali. Siku hiyo aliwachukia kwa moyo wake wote.

Hata hivyo, kila alipobahatika kupata unga, alimgawia Gatimu. Kiwanda cha mbao kilikuwa kimemwachisha kazi, naye akabaki Kiganjo akitafuta kibarua. Watiri alikuwa akimfungia unga kwenye gazeti na kumpa dereva wa basi la Nyeri amfikishie.

Kisha Wakonyo, mchumaji mwenzake, akarudi kutoka kuwasalimia wazazi wake Kiganjo, akamwambia mbele ya wanawake wote, "Ati wewe unatukana watu wa msaada, na wako yuko kwa foleni? Nimemwona na macho yangu."

"Gatimu ni mtu wa jasho," Watiri alijibu. "Afadhali alale njaa."

Lakini asubuhi iliyofuata alipanda basi.

Na sasa alimwona. Alikuwa mbele kabisa, ameinama, akishikilia gunia huku naibu wa chifu akimpimia mahindi kwa debe.

"Mnaniangalia nini?" Watiri aliwauliza wale wanawake kwa uchungu. "Ni dhambi mtu kufanya kazi?"

"Hapana, mama," alisema yule wa gunia. "Ni vile huyo mzee tulimhurumia sana. Hata kanisa yetu ilimwombea."

"Kumhurumia? Si ako na mikono miwili!"

Akawapita, akaenda mbele. Njiani kote alikuwa amepanga maneno makali, lakini alipoiona shingo ya mumewe ilivyokonda, hasira ikamwishia. Angemwambia tu warudi nyumbani. Kile kidogo alichokuwa nacho wangekila pamoja, na watu waseme watakavyo.

"Baba Kagure," aliita taratibu.

Gatimu akageuka. Uso wake ukakauka. Naibu wa chifu akalisimamisha debe hewani.

"Gatimu, wamjua mama huyu? Huko nyuma wanasema amejiita bibi yako."

Uwanja mzima ulikuwa ukisikiliza. Gatimu alimtazama Watiri machoni, akamtazama sana. Kisha akaukunja mdomo wa gunia lake kwa mikono yote miwili.

"Simjui," alisema. "Bibi yangu tulimzika Kangari, mwezi wa tano."