Chai Bila Sukari

Kila asubuhi Bi Mize alimtengea mumewe chai isiyo na sukari, kwa makusudi. Zamani Faki angeirudisha kwa kelele. Tangu huzuni imshike, aliinywa yote kimya, macho ukutani.

Daktari aliwaeleza kwamba ubongoni mna mjumbe aitwaye serotonini. "Hupiga hodi, lakini huitwa arudi kabla hajasikika vizuri. Dawa humwacha asimame mlangoni kidogo zaidi. Huchukua wiki kadhaa, na haimfai kila mtu."

Wiki za kumeza dawa zilipita, na Bi Mize alikuwa ameanza kukata tamaa.

Leo Faki alikunywa funda moja, akakunja uso.

"Mke wangu, sukari imekwenda hija?"

Bi Mize alishika meza. "Imekwenda," alisema. "Unaitaka?"

"Unaninywesha majani matupu, kwani mimi mbuzi?"

Bi Mize alikimbilia jikoni ili machozi yake yasionekane. Akalikumbatia kopo la sukari, asilifungue. Huko barazani kijiko kiligonga kikombe, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, kama mtu apigaye hodi.