Video ya Saluni

Wilkista alikuwa saluni kwake akiwajibu wateja wapya kwenye TikTok yule mama aliyemrekodi video baada ya kumsuka alipoingia ghafla, kichwa amekifunga leso, zile nywele alizosukwa juzi hazionekani tena.

"Dada, toa hiyo video," alisema, hata salamu hakutoa. "Nilimtoroka bwana yangu. Hakuwa anajua niko Silibwet."

"Si nilikuuliza kama naweza kukuposti, ukakubali?"

"Nilifikiri ni picha ya kubandika hapo ukutani. Sasa ndugu yangu amenipigia, anasema jamaa ameiona."

Ni video hiyo iliyojaza saluni yake. Watu walikuwa wakitoka hadi Kaplong kuja kusukwa kama huyu. Wilkista aliutazama mkono wa mama yule uliokuwa umeshika leso. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika zamani vikaunga vibaya, vimepinda kama mzizi. Siku ile ya kurekodi aliviona, akainua simu kidogo visitokee, ili video ipendeze.

Akaifuta.

"Imetoka, dada. Keti nikuwekee chai."

Lakini nje pikipiki ilisimama, na mama yule akarudi nyuma mpaka ukutani. Wilkista akaenda mlangoni. Mwanamume mmoja, msafi, mwenye adabu, alikuwa amemnyooshea simu. Video ilikuwa inacheza, alishaihifadhi kabla haijafutwa.

"Habari ya kazi, mum. Ni hapa wanasuka hii staili?"

Nyuma ya Wilkista, mama yule aliitambua sauti, akajikunyata ukutani.

Wilkista akaweka mikono miwili kwenye miimo ya mlango, akaujaza mlango mzima kwa mwili wake.